Manipulateri Niliyoichagua Mwenyewe

Kabla ya yote naomba radhi kwa mwandiko huu. Herufi zangu nyingine zinalala, nyingine zinapanda juu ya mstari, na makosa ya tahajia yatakuwa mengi, maana shule niliiacha nilipomaliza darasa la sita na tangu hapo kalamu naishika mara chache. Ukurasa mmoja unanichukua asubuhi nzima. Tena mkono ninaoandika nao si mkono wangu. Nilizaliwa mtu wa kushoto, na darasa la kwanza mwalimu alinirekebisha kwa rula mpaka kalamu ikahamia kulia. Kalamu tu ndiyo iliyohama. Kazi nyingine zote zilibaki kushoto, ila nilijifunza kuzificha.

Naishi na mama yangu Musaga, mtaa wa mlimani hapa Bujumbura. Kila siku nateremka mpaka Bwiza kwenye duka la patro wangu, yaani mwajiri wangu, mzee wa familia ya Kiarabu iliyofungua duka hilo kabla babu yangu hajauona mji. Anauza nyaya, balbu, betri na sahani za antena. Mimi nakaa nyuma kwenye meza ya ufundi, natengeneza redio, chaja na pasi. Mwanzoni aliniweka mbele kuuza, nikawafukuza wateja bila kuwatukana. Mteja aliuliza bei, mimi nikatazama sakafu, yeye akasubiri, mimi nikaendelea kutazama sakafu, mwishowe akaenda duka la jirani. Baada ya wiki moja patro alinihamishia nyuma, na biashara ikapona.

Huko nyuma patro ana redio ya namna nyingine. Haitoi muziki wala habari. Ni ya kuongea na watu wa nchi za mbali ambao nao wana redio kama hiyo na hawana jambo la maana la kusema. Wenye mchezo huu wanaitwa radioamateri. Wapo wanaoongea kwa mdomo kwenye maikrofoni, na wapo wanaotumia Morse, yaani milio mifupi na mirefu, ti na taa, ambayo ukiizoea inakuwa herufi. Siku moja patro aliniita karibu na redio.

"We mutoto," aliniambia, "mudomo yako nimeisha kuizika. Tujaribu vidole."

Vidole vilikuwa vizima. Sijui kwa nini, lakini herufi zilizonishinda kwenye daftari zilinikaa sikioni vizuri. Kabla mwaka haujaisha nilikuwa naelewa maneno mazima huku natengeneza pasi ya mtu. Patro akitaka chai alikuwa anagonga ukutani kwa bisibisi, nami nagonga juu ya meza kumjibu kwamba maji bado hayajachemka. Tuliongea zaidi kwa njia hiyo kuliko nilivyowahi kuongea na mtu yeyote kwa mdomo, mama akiwamo. Mkono niliogongea ulikuwa wa kushoto, lakini ukuta ulikuwa katikati yetu.

Patro alinipeleka kwenye klabu yao. Klabu ina wanachama watatu na vyeo vinne. Kuna Prezida, ambaye zamani alikuwa mkuu wa ofisi ya serikali na bado anafunga tai Jumapili mchana. Kuna Profesa, aliyefundisha fizikia sekondari, ambaye ni katibu na pia mshauri wa ufundi. Na kuna patro, ambaye ni mweka hazina kwa sababu mikutano inafanyika dukani kwake na soda zinatoka kwenye friji yake.

Mimi nilikuwa msikilizaji. Ili msikilizaji awe opereta, sheria ya klabu inasema lazima siku ya matembezi, mbele ya wanachama wote, ampate mtu wa nchi nyingine kwenye hewa, wapeane majina na habari ya usikivu, yaani kila mmoja anamsikia mwenzake vizuri kiasi gani, waagane. Kwa mdomo au kwa Morse, ni sawa. Ukishindwa unabaki msikilizaji mpaka matembezi mengine. Na sheria nyingine inasema opereta wa Morse awe na manipulateri yake. Hicho ndicho chombo cha kupigia hizo ti na taa. Ya klabu ilikuwepo, ile ya zamani ya kugonga juu na chini ambayo wazee wanaiita pioshi, yaani sururu, lakini imefungwa kwa skrubu nne kwenye meza ya patro na haitoki. Zaidi ya hayo Prezida anaamini kwamba manipulateri ni kama mswaki.

Kwa mdomo nilikwisha kujaribu mara moja. Prezida alinikabidhi maikrofoni, mtu wa Italia akaniuliza kwa Kifaransa jina langu, nikabonyeza kitufe na kushikilia. Mtu wa Italia alisikia pumzi zangu kwa muda mrefu. Kisha akatuambia kwa upole kwamba inaonekana redio yetu imeharibika. Kwa hiyo kwangu ilikuwa Morse au basi.

Mwaka huo mafuta ya gari yalikuwa yameadimika mjini kuliko kawaida. Gari la Prezida lilikuwa kwenye foleni ya kituo cha mafuta, na Prezida alikwisha kulizoea gari kuwa huko. Alienda kulisalimia asubuhi na kurudi kwa miguu. Matembezi ya klabu, ambayo zamani yalikwenda kwa gari na meza na jenereta, yaliahirishwa mara tatu. Mwishowe Prezida alitoa tangazo kwamba kuanzia sasa klabu itafanya kazi kwa njia ya kubebeka, kama wanavyofanya Ulaya. Alisema ameliwaza jambo hilo siku nyingi. Redio ndogo, betri moja, waya wa antena wa kutupa juu ya mti, kila kitu kiingie ndani ya mfuko wa mgongoni, na tutateremka mpaka ufukweni Kibenga. Mfuko wa mgongoni ulikuwa wangu.

Hapo ndipo ilipokuja picha. Kuna mzee mmoja wa Ubelgiji aliyefanya kazi Bujumbura miaka ya nyuma na kucheza redio na patro. Sasa vidole vyake vinauma, ameacha Morse. Alituma kwenye simu ya patro picha ya manipulateri tatu zimepangwa juu ya kitambaa cha meza, na kando yake kibiriti ili tuone ukubwa. Chini aliandika kwamba shemeji ya jirani yake anasafiri kuja Bujumbura, ana nafasi ya kitu kimoja tu kwenye sanduku. "Kijana achague mwenyewe," aliandika. "Ni ya mkono wake."

Zote tatu zilikuwa za namna ya kisasa, yenye vibao viwili vilivyosimama karibu karibu. Kidole gumba kinabana kibao kimoja, redio inatoa ti, ti, ti mpaka uachie. Kidole cha shahada kinabana cha pili, inatoa taa, taa, taa. Huhitaji nguvu, ni kama kumfinya mtoto shavu. Ya kwanza ilikuwa ya shaba tupu, imekaa juu ya kitako cha chuma kizito, inang'aa kama kitasa cha mlango wa benki. Ya pili ilikuwa ya ukubwa wa kati, ina mkanda wa kufungia gotini. Ya tatu ilikuwa ya plastiki nyeusi, ndogo kama kipande cha sabuni kilichotumika, na chini ilikuwa na sumaku mbili za kushikia chuma.

Niliitazama ile ya tatu nikajua. Ndiyo nyepesi kwa mfuko, ndiyo laini kwa kidole, na ilikuwa ndogo kiasi kwamba ukiifunika kwa kiganja mtu haoni unafanya nini wala kwa mkono gani. Nilitaka kusema. Nilimeza mate, nikakuta patro amekwisha kuwaita wenzake.

Mkutano ulifanyika Jumapili mchana. Prezida alisimama, akashukuru wanachama kwa kufika wengi, akasoma ujumbe wa Mbelgiji kwa sauti, akafika kwenye "kijana achague mwenyewe", akavua miwani.

"Ni sentensi nzuri," alisema. "Kwa hiyo tunaunda komisyo ya kumusaidia achague mwenyewe."

Komisyo, yaani kamati, ilikuwa wao watatu. Mimi niliambiwa nikae karibu, nilete soda, na niwe huru.

"Mi naona namba moya," Prezida alianza. "Iko na uzito. Mutu akiiona anajua kuko watu."

"Prezida, ni kubebeka," alisema Profesa. "Ile ni kilo na kitu. Portabo ni kinyume cha uzito. Ni fizikia."

"Nani anabeba?"

"Kijana."

"Basi iko portabo."

Profesa alitaka namba mbili. Alichora goti kwenye karatasi, akachora mkanda, akaweka mishale. Prezida aliuliza kama ni heshima opereta wa Burundi kuongea na dunia kupitia goti. Profesa alisema dunia haioni goti. Prezida alisema heshima si ya kuonekana. Waliendelea hivyo mpaka soda zikawa moto.

"Na iyi ndogo?" patro aliuliza, akigusa picha. "Namba tatu?"

Walicheka wote wawili, na kicheko hicho kiliwapatanisha.

"Iyo ni kifuniko ya nini?" alisema Profesa.

"Mbelgiji aliweka ili namba itimie," alisema Prezida. "Ulaya wanapenda tatu."

Nilisimama. Najua nilisimama kwa sababu chupa niliyokuwa nimeishika iligonga meza. Wote waligeuka.

"Ndiyo, petit," alisema Prezida kwa upole, akiniita mdogo kwa Kifaransa. "Sema. Ni siku yako."

Niliitazama tai yake. Ilikuwa na mistari ya rangi ya damu ya mzee. Nilisema, "Nilete zingine?"

"Leta," alisema Prezida. "Unaona? Mutoto iko na akili."

Kura ilipigwa. Prezida namba moja. Profesa namba mbili. Patro alitazama saa ya ukutani, sala ya alasiri ilikuwa imekaribia, akasema namba moja ili aende kutawadha. Profesa aliandika muhtasari wa mkutano kwa mwandiko wake wa ubaoni: kwamba baada ya majadiliano ya kina, kijana amechagua mwenyewe. Nilitia saini chini. Na wao wakatia saini kushuhudia kwamba nimechagua mwenyewe. Sikuwahi kushuhudiwa na watu wenye heshima namna hiyo.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Macho ya patro hayaoni vizuri maandishi madogo, kwa hiyo ujumbe wa simu yake naandika mimi. Aliporudi kutoka sala alinipa simu akasema, "Mujibu yule muzee. Mwambie tumechagua, tunashukuru." Akaenda mbele kwa mteja. Nilikaa na simu mezani muda mrefu. Niliandika asante kwanza. Kisha niliandika: namba tatu. Sikuona kama nadanganya. Muhtasari ulisema kijana amechagua mwenyewe, na kijana alikuwa mimi. Nilituma kwa kidole gumba cha kushoto.

Wiki tatu zilizofuata sikulala vizuri. Nilitengeneza vitu vingi kuliko kawaida. Mama aliniuliza kama nina mchumba.

Mzigo ulipofika, Prezida hakukubali ufunguliwe hivi hivi. Kwetu kitu kinachotoka kwa watu wengine hakiingii nyumbani bila hotuba. Anayetoa anasema, anayepokea anajibu, hata kama wote wanajua kilichomo, kama siku ya kuleta mahari. Kwa kuwa Mbelgiji hakuwepo, Profesa alipangwa kuwa upande wa Mbelgiji. Alisema wamesafiri kutoka mbali, wamevuka maji, wana zawadi lakini wanaona aibu kwamba ni ndogo. Prezida alijibu kwamba kwa watu wazito kama nyinyi hakuna zawadi ndogo. Alilirudia neno "uzito" mara nyingi. Alisema shaba haidanganyi. Kisha nikapokea bahasha kwa mikono miwili, nikaifungua.

Ilitoka bahasha nyingine, kisha soksi moja ya mtu mzima, na ndani ya soksi ile plastiki nyeusi na waya wake.

Profesa, ambaye bado alikuwa upande wa Mbelgiji, alionekana kutaka kuomba msamaha.

"Wameibadili," alisema Prezida. "Kwenye uwanja wa ndege. Wameona shaba."

"Ao yule shemeji," alisema Profesa, akihama upande.

"Yule shemeji nilimuona," alisema Prezida. "Alikuwa na viatu vipya. Naandika barua. Mbili. Moya ya douane, wale wa ushuru, moya ya Mbelgiji, tumwambie shemeji ya jirani yake ni mwizi."

Alikwisha kutoa kalamu. Nilimwona yule shemeji akilini, mtu ambaye sikuwahi kumwona, aliyebeba kitu changu ndani ya soksi yake bila kudai chochote, anaitwa mwizi kwa Kifaransa kizuri chenye mhuri. Nilifungua mdomo. Nikaufunga. Basi nilichomeka waya wa ile manipulateri kwenye redio ya patro iliyokuwa mbele yangu, nikazima njia ya antena ili sauti ibaki chumbani, nikaishika kwa mkono wa kulia, na kwa wa kushoto nikapiga: MIMI NILIANDIKA TATU. SHEMEJI SI MWIZI. NISAMEHENI.

Milio ilijaa chumba. Nilipomaliza niliwatazama. Prezida alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza wimbo wa kanisani kwa lugha ya kigeni.

"Vizuri," alisema. "Anasema nini?"

Alimwuliza Profesa. Profesa alisema kasi ilikuwa kubwa kidogo kwa mazingira haya. Nikaelewa, na nadhani patro alikuwa ameelewa miaka mingi iliyopita, kwamba kati ya wanachama wale watatu mmoja tu alikuwa anaijua Morse. Wengine walikuwa wanaiongoza.

Patro alikunja mikono juu ya tumbo. Alikuwa ameelewa kila herufi. Aliniangalia mpaka nikaona joto masikioni.

"Anasema ile procès-verbal ya mukutano wetu ni ya kweli," alisema. "Alichagua mwenyewe. Namba tatu. Sisi wote tulitia saini."

Prezida aliomba daftari la mihtasari. Alisoma ule ukurasa mara mbili, akatafuta mahali palipoandikwa namba moja, hapakuwepo. Profesa, katika kuandika majadiliano ya kina, alikuwa amesahau kuandika matokeo. Prezida ni mtu wa karatasi. Kama karatasi inasema kijana amechagua mwenyewe, basi kijana amechagua mwenyewe. Alirudisha kalamu mfukoni. Nilidhani yamekwisha.

"Lakini mukono," alisema. "Ule ni mukono gani alipiga nao?"

"Wa kushoto," alisema Profesa, akifurahi kuwa na jibu.

"Wa kushoto," Prezida alirudia. "Petit, unamusalimia mutu wa inchi ingine, mara ya kwanza, kwa jina ya Burundi, na mukono wa kushoto?"

"Hawezi kuona, Prezida," alisema patro.

"Na we Muislamu unasema ivyo? We unakula na upi?"

Patro aliutazama mkono wake wa kulia. Hapo Prezida alikuwa amempata.

Iliamuliwa, na safari hii Profesa aliandika matokeo kwa herufi kubwa, kwamba siku ya matembezi msikilizaji atapiga kwa mkono wa kulia, la sivyo haitahesabiwa. Nilifanya mazoezi siku kumi. Kwa mkono wa kulia Morse yangu ilikuwa kama mwandiko huu mnaousoma: inafika, lakini inachechemea. Patro upande wa pili wa ukuta alikuwa akigonga, "Rudia. Rudia. Hiyo ilikuwa chai au chui?"

Tulikwenda Kibenga Jumamosi asubuhi. Prezida alitembea mbele na mwavuli, Profesa na karatasi, patro na kanzu nyeupe, mimi na mfuko. Tulikaa kwenye baa moja ya ufukweni yenye meza za plastiki na miti ya kutosha kwa antena. Ziwa lilikuwa tulivu, milima ya Kongo inaonekana ng'ambo. Profesa alikokotoa urefu wa waya, nami nikautupa mtini kwa jiwe mpaka ukakaa. Prezida aliagiza brosheti za mbuzi, yaani mishikaki, na ndizi, kwa sababu bila chakula wanachama hawawezi kushuhudia.

Niliita. Niliita tena. Mkono wa kulia ulikuwa unatoka jasho. Meza ilikuwa ya plastiki, na manipulateri ya plastiki juu ya meza ya plastiki inateleza kama sabuni kweli. Sumaku zake hazikupata chuma cha kushika. Ilibidi niishike kwa kushoto na kupiga kwa kulia. Prezida aliona hivyo akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Nilipoita mara ya saba, mtu alijibu. Mbali sana, mlio mwembamba, lakini safi. Alama zake zilionyesha ni mtu wa Ugiriki. Nilimpa habari ya usikivu wake na jina langu. Alijibu kwa alama ya kuuliza. Nilirudia. Kidole kiliwahi, ti zikawa nyingi, jina langu likawa na herufi ambazo mama hakunipa. Alama ya kuuliza tena. Nilirudia, manipulateri ikateleza, ikageuka upande. Mlio wake ulikuwa umeanza kuzama na kurudi, kama inavyotokea hewa ikibadilika. Nilijua baada ya dakika chache hatakuwepo, na matembezi mengine sijui ni lini, gari la Prezida lilikuwa bado linasalimiwa.

Kwenye meza kulikuwa na sahani ya bati iliyokuja na brosheti, imebaki vijiti na pilipili. Nilimwaga vijiti. Niliweka sahani juu ya mapaja, nikaweka manipulateri juu yake. Sumaku zilishika bati kwa sauti, tak, kama mlango uliofungwa vizuri. Sahani ilitaka kupinduka, nikaishika ukingo kwa mkono wa kulia. Mkono uliobaki ulikuwa mmoja.

Nilimpa jina langu. Nilimpa jina la mji. Nilimwambia usikivu wake ni mwembamba lakini mzuri, na kwamba niko kando ya ziwa. Vidole havikuniuliza kitu. Nyuma yangu nilisikia Prezida anasafisha koo.

"Ule mukono," alisema.

"Mukono wa kulia iko na kazi, Prezida," patro alijibu. "Imeshika sahani ya chakula. Unataka aachie sahani ianguke chini kwa ajili ya salamu?"

Prezida aliliwaza. Ni suala gumu kwa kweli, na nashukuru kwamba analichukulia kila suala kwa uzito, kwa sababu alipokuwa bado analipima mtu wa Ugiriki alikwisha kunijibu. Alirudia jina langu, herufi zote zilizo zangu. Alinipa lake. Alisema kwao mvua inanyesha na ana mbwa anayeogopa radi. Aliniaga, nikamuaga, akazama.

"Anasema nini?" aliuliza Prezida.

Patro alinitazama. Nilielewa kwamba safari hii hatatafsiri.

"Anasema kwao mvua inanyesha," nilisema. Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka; mhudumu aliyekuja kudai sahani yake alisimama. "Na iko na mbwa. Anaogopa radi."

"Ni ivyo tu?"

"Ni ivyo tu, Prezida."

"Ametoka Ugiriki kwa ajili ya mbwa," alisema, akakaa. Baada ya kula ndizi mbili alisimama tena akatoa hotuba. Alisema klabu, kwa kuona mbali, ilichagua manipulateri nyepesi, maana zama za uzito zimepita. Kisha akamwamuru Profesa aandike kwenye daftari kwamba kuanzia leo mimi ni opereta, na kwamba mawasiliano yalifanyika kwa mkono wa kulia. Profesa aliuliza kama ni kweli. Prezida alisema mkono wa kulia ulikuwepo na ulishiriki.

Tangu siku hiyo napiga karibu kila wiki. Patro akiniita mbele kuuza, bado natazama chini mbele ya wateja, lakini sasa nawaambia bei nikiwa natazama chini, na wengine wananunua.

Nimeandika haya kwa siku nyingi, polepole, kwa mkono wa kulia, kwa sababu kwenye daftari la klabu mambo yamekaa namna nyingine na nilitaka kuwe na karatasi moja inayosema yalivyokuwa. Kama wewe unayesoma unapiga Morse, au unafikiri kuanza, niandikie tafadhali. Mpe barua yako yule aliyekupa karatasi hizi, itanifikia. Niambie manipulateri yako ni ya namna gani, huko unapokaa unaiweka juu ya nini isiteleze, na unatumia mkono upi. Nitajibu. Nichelewe kiasi gani sijui, lakini nitajibu.